Maji ya fedha na mwani: Elimu ya maabara isigeuzwe dawa ya kunywa



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), aliyeumba nchi kavu na bahari na akaweka manufaa katika vyote viwili. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba wake.

Katika safu yetu ya leo nataka tuzungumze juu ya chupa ndogo. Chupa hii ililetwa kwangu na mama mmoja jirani yetu, akaniuliza kama aendelee nayo. Ndani yake mlikuwa na maji ya rangi ya chai isiyokolea. Karatasi iliyobandikwa nje ilisema kuwa ni "maji ya fedha yaliyotengenezwa kwa mwani", kwamba ni ya asili asilimia mia moja, na kwamba yanatibu vidonda, taifodi, yutiai, kisukari na nguvu za kiume. Alinunua kwa mtu aliyepanga meza nje ya msikiti baada ya swala ya Ijumaa. Mume wake, mzee mwenye kisukari, alikuwa na kidonda katika kidole cha mguu. Kwa muda wa wiki tatu alikuwa akinywa kijiko asubuhi na kijiko jioni, na kliniki akawa ameacha kwenda.

Tulimpeleka hospitali siku ile ile. Alhamdulillah mguu ulisalimika, lakini kidole kilikatwa. Yule mama aliniuliza swali ambalo ndilo lililonifanya niandike makala hii: "Sasa shekhe, mbona kijana wangu alisoma kwenye intaneti akasema jambo lenyewe ni la kweli, wataalamu wanalifanya?"

Naam, ndugu msomaji, jambo lenyewe ni la kweli, na hapo ndipo ilipo hatari. Uongo mtupu huwa haukai siku nyingi, watu wakaugundua. Lakini uongo uliovikwa nguo ya ukweli hukaa, na huingia mpaka majumbani mwetu. Kwa hiyo tuanze na ukweli, kisha tuone ulipochomekewa uongo.

Chembechembe hizi ni nini?

Kwanza tuelewane kuwa fedha tunayoizungumzia hapa ni ile madini, inayotengenezewa pete na mikufu, si noti za mfukoni. Wataalamu wamejifunza kuigawa fedha, na vilevile dhahabu, katika chembe ndogo mno zinazopimwa kwa nanomita. Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele wa mtu una upana wa kiasi cha nanomita 80,000. Ukichukua chembe za fedha zenye upana wa nanomita 20 ukazipanga mstari mmoja, utahitaji chembe 4,000 ili kuuvuka unywele mmoja tu.

Kwa nini wajisumbue kuigawa hivyo? Mama wa nyumbani anajua jibu lake. Sukari guru ukiitia kwenye uji ikiwa bonge, inachukua muda kuyeyuka. Ukiiponda ikawa unga, inayeyuka mara moja. Sukari ni ile ile, isipokuwa sehemu inayogusana na uji imekuwa kubwa zaidi. Na fedha ni hivyo hivyo. Ikiwa chembechembe, sehemu kubwa ya madini hayo hukutana na vijidudu, na ile nguvu yake ya kuua bakteria huongezeka.

Nguvu hiyo si hadithi. Fedha ikiwa kwenye unyevu hutoa chembe ndogo mno zenye chaji ziitwazo ayoni. Ayoni hizi hushika ukuta wa bakteria, huingia ndani na kuvuruga protini zake mpaka anakufa. Ndiyo maana hospitali zimekuwa zikitumia krimu yenye fedha kwa wagonjwa walioungua tangu miaka ya 1960, na leo zipo bandeji za vidonda zilizotiwa fedha.

Mwani unaingia wapi?

Chembechembe hizi zinaweza kutengenezwa kwa kemikali. Chumvi ya fedha, iitwayo nitrati ya fedha, huyeyushwa kwenye maji, kisha hutiwa kemikali nyingine ya kuirudisha kuwa madini. Baadhi ya kemikali hizo ni kali na ni sumu. Kwa hiyo wataalamu wakatafuta kitu cha asili cha kufanya kazi hiyo hiyo. Walijaribu majani, uyoga, hata bakteria wenyewe. Na walipojaribu mwani, wa baharini na ule mdogo wa majini usioonekana kwa macho, wakakuta una kila kinachohitajika.

Mwaka 2007, watafiti wa India walitangaza kuwa wametengeneza chembechembe za dhahabu kwa kutumia mwani wa kahawia wa jamii ya Sargassum, wakapata chembe za nanomita 8 hadi 12. Baada ya hapo kazi za namna hiyo zikawa nyingi katika nchi mbalimbali, kwa mwani wa kijani, mwekundu na wa kahawia. Hata ule mwani ambao dada zetu wa Zanzibar wanauita kotonii, nao umeshajaribiwa.

Namna yake kwa ufupi ni hii. Mwani huoshwa vizuri mpaka chumvi ya bahari iishe, hukaushwa, husagwa, huchemshwa kwa maji yaliyosafishwa kabisa, kisha huchujwa. Supu hiyo huchanganywa na maji yenye nitrati ya fedha kidogo sana. Baada ya dakika kadhaa, au saa kadhaa, maji hubadilika rangi na kuwa ya manjano, kisha kahawia. Sukari, protini na rangi za mwani zimeirudisha ile chumvi ikawa madini, na utelezi wa mwani umezizunguka chembe zisishikane na kuwa bonge. Subhanallah! Jani la bahari linafanya kazi mbili kwa mara moja.

Lakini sikiliza kinachofuata, kwa sababu muuzaji wa chupa hakisemi. Mtafiti haridhiki na rangi. Hupitisha mwanga kwenye maji yake apime unavyomezwa. Huzitazama chembe kwa hadubini ya elektroni azijue ukubwa na umbo. Huzizungusha kwa kasi na kuziosha ili kuondoa nitrati iliyobaki. Na mwisho huandika: tumezijaribu chembe hizi kwa bakteria waliooteshwa kwenye sahani ya maabara. Sahani, ndugu msomaji, si tumbo la mwanadamu.

Uongo umechomekewa wapi?

Umechomekewa mahali patatu.

Kwanza, kuua vijidudu kwenye sahani si kutibu ugonjwa. Hata jiki inaua bakteria kwenye sahani, na hakuna mwenye akili anayeinywa. Taifodi iko ndani ya damu na utumbo. Na kisukari si ugonjwa wa vijidudu kabisa, ni mwili kushindwa kuitawala sukari. Yule mzee alikuwa anamimina fedha kwenye tumbo, na kidonda kiko mguuni kinaoza kwa sababu sukari iko juu na damu haifiki vizuri.

Pili, neno "asili" halina maana ya salama. Fedha haikuwa mmea kwa sababu imepitia kwenye mmea. Ni madini yale yale, na mwili wetu hauna kazi nayo. Mtu anayeinywa kwa muda mrefu huweza kupata hali iitwayo ajiria, ambapo fedha hujikusanya kwenye ngozi, na ngozi ikipigwa na mwanga hugeuka rangi ya majivu yenye ubuluu. Hali hiyo kwa kawaida haiondoki. Vilevile fedha inaweza kuzuia mwili usipokee vizuri baadhi ya dawa, zikiwemo antibayotiki fulani na dawa ya tezi la shingo. Kwa hiyo mgonjwa anaweza kuwa anameza dawa ya hospitali na wakati huo huo anaizuia kwa kijiko cha maji ya fedha.

Tatu, hakuna ajuaye kilichomo chupani. Ikiwa aliyetengeneza alitumia maji ya bomba yenye klorini, au mwani usiooshwa chumvi, fedha yake nyingi imegeuka tope jeupe lisilo na kazi aliyoitaja. Ikiwa hakuziosha chembe, nitrati ya fedha imebaki, nayo ni kemikali inayounguza na kuacha doa jeusi mkononi. Na kama hakutia fedha kabisa, basi ameuza supu ya mwani kwa bei ya dawa.

Si sisi peke yetu tunaosumbuliwa na biashara hii. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa uamuzi mwaka 1999 kwamba dawa za dukani zenye maji ya fedha hazitambuliwi kuwa ni salama wala kuwa zinatibu. Ulipoingia ugonjwa wa korona, mwaka 2020, mamlaka hiyo hiyo ililazimika kuwaonya wauzaji waliokuwa wakidai kuwa fedha inakinga na kutibu. Miaka ishirini imepita na maneno ni yale yale, kilichobadilika ni jina la ugonjwa. Na sasa wameongeza neno "mwani" na neno "nano" ili yasikike mapya.

Dini yetu inatufundisha nini?

Wapo watakaosema kuwa Waislamu tumekatazwa fedha, basi jambo limekwisha. Si sahihi kulikata hivyo. Tuliyokatazwa na Mtume (S.A.W.) ni kula na kunywa katika vyombo vya dhahabu na fedha. Ama haja ya matibabu ina mlango wake, na masheikh wetu wanaujua.

Imesimuliwa na Abu Daud na Tirmidhi habari ya Sahaba Arfaja bin As'ad (R.A.), ambaye pua yake ilikatwa katika vita vya Kulab zama za ujahili. Akajiwekea pua ya fedha, ikamletea uvundo. Mtume (S.A.W.) akamwamuru aweke ya dhahabu, ijapokuwa dhahabu ni haramu kwa wanaume kujipamba nayo. Tazama hekima iliyomo. Haja ilikuwa ya kweli, madhara yalionekana, na kilichodhuru kikaachwa kikachukuliwa kisichodhuru. Hakuambiwa avumilie pua ya fedha kwa kuwa ni fedha.

Tena Suratul Hujuraat, aya ya 6, inatuamuru tuichunguze habari kabla ya kuifanyia kazi, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Yule mama alijuta. Ni juu yetu tulio na vipaza sauti, mimbari na magazeti kuhakikisha hajuti mwingine. Na nawaomba wajumbe wa kamati za misikiti: mtu anayepanga dawa mlangoni baada ya swala ya Ijumaa anauza kwa heshima ya nyumba ya Allah. Muulizeni kibali. Kama hana, aondoke. Kunyamaza kwetu ndiko kunakomfanya mnunuzi aamini kuwa msikiti umeidhinisha.

Je, elimu hii haina faida?

Ina faida, na sitaki msomaji afunge gazeti akidhani nimeipinga. Ninachosema ni kuwa mahali pake ni nje ya mwili wetu, chini ya usimamizi wa wanaojua.

Chukua maji ya kunywa. Huko Guatemala, mwaka 1981, mtaalamu Fernando Mazariegos alibuni chujio la udongo wa kuchoma, kama chungu chetu, lililopakwa fedha. Maji hupita kwenye udongo taratibu, uchafu na vijidudu vingi vikabaki, na fedha ikasaidia kuvimaliza. Chujio za namna hiyo zimesambaa katika nchi nyingi masikini. Kinachoingia kwenye maji ni chembe kidogo mno, na kinapimwa. Hapa kwetu Tanzania, Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela mjini Arusha alibuni chujio linaloshirikisha mchanga na chembechembe za nano, na mwaka 2015 akapata tuzo ya ubunifu wa uhandisi barani Afrika inayotolewa na taasisi ya wahandisi ya Uingereza. Hiyo ndiyo nano ya kujivunia. Inasafisha maji, haidai kutibu nguvu za kiume.

Na kuna kina mama wa mwani. Kilimo cha biashara cha mwani kilianza Zanzibar mwaka 1989, pwani ya mashariki, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Wakulima walio wengi ni wanawake. Wanasimama majini tangu maji yanapotoka, migongo imeinama, kisha wanauza mwani mkavu kwa bei ndogo uende nje ukatengenezwe utelezi wa dawa ya meno na vyakula. Mwani umewasomeshea watoto na umewajengea nyumba. Baadhi yao sasa wanatengeneza sabuni, na ni kazi ya halali. Siku moja, Inshaallah, huenda maabara zetu zikautumia mwani wao kwa bandeji au chujio zilizothibitishwa. Lakini wababaishaji wakilichafua jina la mwani leo kwa chupa zao, siku bidhaa ya kweli itakapofika watu wataikataa. Hasara hiyo haitampata mwenye meza. Itampata yule mama aliyelowa maji ya bahari.

Mambo mawili mengine ya kuyajua

La kwanza ni bahari yenyewe. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, Marekani, walionyesha kuwa soksi zilizotiwa chembe za fedha ili zisinuke hupoteza fedha hiyo zikifuliwa. Maji ya kufulia huenda wapi? Huenda mtoni na baharini. Fedha hiyo hiyo inayoua bakteria ni sumu kwa viumbe vya majini, na mwani ukiwemo. Ingekuwa ajabu kutumia mwani kutengeneza fedha, kisha fedha irudi kuua mwani.

La pili ni usugu. Bakteria huizoea fedha kama wanavyozizoea antibayotiki. Mwaka 1975 iliripotiwa kutoka Boston, Marekani, kuwa bakteria wa jamii ya salmonela waliostahimili fedha walienea katika wodi ya wagonjwa walioungua, wakiwemo waliofariki. Kwa hiyo kuitumia fedha ovyo majumbani, kwenye kila kijiko na kila soksi, ni kuinyang'anya hospitali silaha inayoihitaji kwa mtoto aliyemwagikiwa na uji wa moto.

Tufanye nini nyumbani?

Ndugu msomaji, usafi wetu haujangoja nano. Chemsha maji ya kunywa mpaka yatokote vizuri, au tumia dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa. Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka kabla ya kula na baada ya kutoka chooni. Funika mtungi, na kata ya kuchotea iwe na mpini mrefu. Mwenye kisukari atazame nyayo zake kila siku. Na sisi tunatawadha mara tano, basi anapoosha miguu apitishe vidole katikati na aangalie kama kuna mchubuko. Akiuona, aende kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Na ukiletewa chupa yoyote yenye maneno makubwa, uliza maswali haya manne. Imesajiliwa na TMDA, au kwa Zanzibar na Wakala wa Chakula na Dawa? Ina nini ndani, na kwa kipimo gani? Imejaribiwa kwa watu, au kwenye sahani tu? Na ni vipi dawa moja itibu magonjwa matano yasiyo na udugu? Muuzaji akianza kukasirika badala ya kujibu, umeshapata jibu.

Vijana wanaosoma sayansi nao nawaambia: someni sana jambo hili la mwani na chembechembe. Bahari ni yetu, mwani ni wetu, na elimu ni kitu cha kutafutwa. Lakini mkishaijua, kuweni wa kwanza kusema "bado" pale ambapo bado. Neno hilo moja lingekiokoa kidole cha mzee wetu.

Mzee mwenyewe sasa anaendelea vizuri na kliniki hakosi. Kile kichupa nimekihifadhi, na kila mtu akija kuniuliza juu ya maji ya fedha namwonyesha, kisha namsimulia habari hii.

Allah atupe afya njema, elimu yenye manufaa na riziki ya halali. Na Yeye ndiye Mjuzi zaidi.

Wabillahi tawfiiq.